Siku Niliyoipaka Bobini Mafuta ya Sangara

Nianze na lile mnalolijua ili tusipotezeane muda: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama juu ya jiwe la Igogo Jumamosi asubuhi, mbele ya nusu ya mtaa, na gagulo tu kiunoni, fimbo ya kuvulia mkononi, na paka wanne nyuma yake. Nimesikia mnavyoisimulia. Wengine mnasema nilikuwa uchi (uongo mtupu, gagulo lilifika chini ya magoti), wengine mnasema nililia (yale yalikuwa maji ya ziwa), na kuna dada mmoja pale Mabatini aliyewahi kunisimulia kisa hiki mimi mwenyewe bila kujua anaongea na nani, akamalizia kwamba yule mama alihamia Bukoba kwa aibu. Sijahamia popote. Aibu niliipata, sikatai, na niliipata ya kutosha, lakini leo naisema kwa mdomo wangu, na mkitaka kucheka chekeni, ila chekeni mahali panapostahili.

Kwanza mjue nilifikaje juu ya lile jiwe, maana hapo ndipo wasimuliaji wengi mnaruka. Mimi nilikuwa mtu wa kiwanda. Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye mashine za kusokota uzi, kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na hakuna aliyewahi kuniambia mwanamke hagusi mashine, mradi uzi unatoka. Halafu ikaja ile miaka ya tisini, biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, vitambaa vya nje vikajaa madukani, na uzi wetu ukakosa mtu wa kuutaka. Tukapunguzwa. Ndivyo walivyoita, kupunguzwa, kama vile sisi ni kucha. Mume wangu akasema anakwenda Geita kwenye dhahabu kwa miezi mitatu tu, na hiyo miezi mitatu (Mungu anisamehe) mpaka leo sijaiona ikiisha. Tukabaki mimi na binti yangu Jeni, na mapanki.

Mapanki mnayajua, lakini kama hujawahi kuyauza huyajui. Ni ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu ya kupeleka Ulaya, kichwa, mgongo na mkia. Unapanga foleni getini kabla jua halijatoka, unasukumwa, unatukanwa na mlinzi mwenye umri wa kuwa mdogo wako wa mwisho, unapata ndoo yako, unaianika na nzi, unaikaanga, unaiuza, na ukirudi nyumbani hata mto wa kulalia unanuka. Samaki mzima anapanda ndege, mimi napewa mgongo wake nishukuru. Niliyachukia mapanki, nawaambia ukweli, niliyachukia kuliko hata ile barua ya kupunguzwa.

Sasa siku moja nipo Mabatini napekua mitumba, natafuta sketi ya shule ya Jeni, nikaona kwenye lundo la viatu visivyo na wenzake fimbo ya kuvulia. Fimbo kabisa, ya kizungu, vipande viwili vya kuunganisha, na kile kidude chini cha kuzungushia mshipi. (Najua kina jina lake. Mimi nilikiangalia nikaona ni bobini, tena bobini ya kawaida tu, uzi unaingia huku unatoka kule, na mpaka leo nakiita bobini na samaki hawajalalamika.) Madukani mjini fimbo mpya zilikuwepo, zinang'aa, zimetoka nje, na bei yake ukiitajiwa unaomba kiti. Hii ilikuwa imechoka, lakini uchovu wa mashine mimi naujua, kuna uchovu wa kutupwa na uchovu wa kuoshwa.

Basi nikaichagua nilivyofundishwa kiwandani. Nikaikunja taratibu kuona kama inalia, haikulia. Nikachomoa pamba kidogo kwenye mto mmoja uliokuwa unauzwa pale (mwenye mitumba akapiga kelele), nikaipitisha ndani ya kila kipete ambamo mshipi unapita, maana kipete chenye ufa hata wa kutoonekana kitanasa nyuzi za pamba, na kikinasa pamba leo kitakata mshipi kesho. Vipete sita, kimoja tu kilinasa, na hicho nikajua nitakisugua kwa msasa. Nikazungusha bobini sikioni, nikasikia mchanga, si jino lililovunjika. Mchanga unaoshwa. Yule bwana wa mitumba akaniuliza, "Mama, unanunua fimbo au unaoa?" Nikamwambia ninaoa, punguza mahari.

Nyumbani nikaifungua yote juu ya gazeti, Jeni ananiangalia, nikaosha kila kijino kwa mafuta ya taa na mswaki, nikakausha, nikatia grisi kidogo niliyoombaomba kwa fundi baiskeli, nikarudisha, ikazunguka bila hata mkwaruzo. Mshipi nikanunua nailoni ya kawaida ile wanayotumia wavuvi wa mkono, ndoana nikazinoa kwa tupa yangu ya kiwandani. Mimi ni binti wa wafuga ng'ombe, sikuzaliwa majini, kwa hiyo nilijifunza kwa kukosea, lakini mwezi wa pili nilianza kupata. Sato, sangara wadogo wadogo. Samaki wazima! Wenye nyama pande zote mbili! Nilimkaanga wa kwanza, tukamla mimi na Jeni mpaka tukalamba vidole.

Taabu ikawa jiwe. Pale Igogo kuna jiwe moja refu lililoingia majini, na maji ya mbele yake ni marefu, ndipo sangara wakubwa wanapopita. Wanaume walikuwa na desturi ya kukaa juu yake wakivua kwa mishipi ya mkono, na mimi mwanzoni nilikaa pembeni kwenye vijiwe vidogo, nikivua vidogo. Kisha nikapanda. Siku ya kwanza walinyamaza, siku ya pili wakakohoa, siku ya tatu Masalu (Msukuma mwenzangu huyo, jamani, kwao na kwetu ni kilima kimoja) akatangaza kwamba tangu nipande samaki wamepungua, kwamba mwanamke akigusa chombo cha kuvulia anakitia nuksi, na kwamba haya mambo hata babu zetu waliyajua. Nikamuuliza babu yake alivulia wapi, kwenye lambo la ng'ombe? Wakacheka, na Masalu hakunisamehe kile kicheko.

Shauri likapelekwa kwa Mzee Magesa, mvuvi wa Kikerewe, mzee wa pale jiweni, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mama Jeni," akatusikiliza wote wawili mpaka mwisho, kisha akasema, "Jumamosi uje, watu waone. Ukitoa sangara kwa hiyo fimbo yako, peke yako, bila kumwita mtu, jiwe ni lako kama lilivyo la kila mmoja hapa. Ukishindwa, au ukimwita mtu, rudi kwenye mapanki, na maneno yaishe."

Hilo la kumwita mtu lazima niwaeleze. Pale jiweni kuna sheria: samaki akishashika ndoana yako, hakuna ruhusa ya mtu kugusa mshipi wako mpaka umwite kwa jina lake. Ukimwita anakuja, mnavuta wote, na samaki ni wenu wawili. Usipoita, hata ukiburutwa mpaka Ukerewe, watu wanakutazama tu.

"Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?" nikauliza. (Mtu wa zamu za kiwandani hazembei kwenye saa.)

"Jumamosi ni Jumamosi," akasema.

Nikakubali. Nilijua nikishindwa narudi kwenye foleni ya getini, na nilishaapa kwamba kule sirudi na ndoo tena.

Sasa tufike penye upumbavu wangu, na upumbavu huu ni wangu peke yangu, simsukumii mtu. Ijumaa mchana nikaamua kuihudumia bobini kabla ya siku kubwa, kama tulivyofanya kiwandani kabla ya ukaguzi. Nikaifungua, nikaiosha, ikabaki kupakwa. Grisi imeisha. Fundi baiskeli kaenda msibani. Duka la spea lenye grisi liko Mkuyuni, na jua lile, na miguu yangu hii, na mwenye duka mwenyewe ana midomo, ukinunua kidogo anakuuliza unapaka gari au unapaka kidole. Nikiwa nasitasita mlangoni akapita rafiki yangu Ma Resti, Mhaya wa jirani, mama wa kukaanga samaki, mtu aliyesoma kwa masista na hakosi kuwaambia, amebeba chupa yake ya mafuta ya sangara. Yale mafuta yanayochujwa kwenye mashapo ya samaki, ya njano, mazito.

"Waitu, mwenzangu, chukua haya," akasema. "Mafuta ni mafuta."

Na mimi, fundi wa miaka kumi na mmoja, mtu niliyewahi kumfokea mwenzangu kwa kupaka mafuta yasiyo ya mashine kwenye mashine, nikaitikia, "Eti eeh, mafuta ni mafuta." Nikapaka. Na kama kawaida ya mtu mwenye kitu cha bure, sikupaka kidogo. Nikapaka meno, nikapaka ekseli, nikapaka mshipi uteleze vizuri kwenye vipete, nikapaka kishikio king'ae mbele za watu, na (hapa ndipo ningejichapa kofi kama mkono ungefika) nikafungua kofia ya bobini nikapaka mpaka visahani vya breki. Breki! Vile viduara vya ngozi na bati vinavyobanana ili samaki akivuta, mshipi utoke kwa shida, utoke kwa kumchosha. Kazi yake yote ni kukwaruzana. Nikavilainisha. Nikazungusha kwa kidole, ikateleza bila sauti, nikamwita Jeni aje aone jinsi mama yake alivyo fundi.

Asubuhi nikavaa blauzi yangu nzuri, chini gagulo, juu yake kanga nikaifunga kiunoni vizuri ili nipande jiwe bila kujikwaa. Nikatoka. Nyumba ya tatu nikasikia nyau. Nyumba ya tano wakawa wawili. Nikidhani ni wa mtaani tu nikaendelea, mpaka nikapita kwa fundi viatu akaacha kupiga msumari akasema, "Mama Jeni, hao ni ulinzi?" Nikageuka, paka wanne wamepanga mstari, mikia juu, macho kwenye fimbo. Nikawafukuza, wakakaa chini kuningoja. Nikarusha kijiwe, mmoja akakikwepa bila hata kuniangalia. Fimbo nzima ilikuwa inanuka jiko la Ma Resti, na mimi pua yangu ilishakufa kwenye mapanki siku nyingi, sikusikia kitu. Nikanyanyua kidevu nikaenda nao. Ningefanya nini, nirudi nyumbani niiogeshe fimbo?

Pale ziwani watu wamejaa. Sikutegemea. Wavuvi wote, wauza dagaa, wanafunzi, wapita njia, Ma Resti mwenyewe na beseni lake la kuuza (akaniambia amekuja kunitia moyo, na alikuwa ameshauza nusu beseni). Masalu amesimama mikono nyuma, ananing'ong'a. Nikamwamkia Mzee Magesa, akaitika, akaangalia paka, akaamua kutouliza. Nikapanda jiwe. Nikatia kambale mdogo kwenye ndoana kama chambo, nikarusha, na kwa kweli jamani nilirusha vizuri, mshipi uliopakwa mafuta ulikwenda mbali kuliko siku zote, mpaka nikasikia mtu nyuma anasema "Mh!" Nikavimba kichwa. Nikajisemea, unaona, Ma Resti ana akili.

Hakukupita muda. Fimbo ikainama. Si kuinama kwa sato, ni kuinama kwa mtu mzima. Nikavuta ndoana ikamshika, na pale pale mshipi ukaanza kutoka. Nikaikaza breki, haikaziki. Nikaizungusha mpaka mwisho, mshipi unatoka tu, bobini inazunguka kama hakuna mtu nyumbani, kimya, laini, vile vile nilivyomwonyesha Jeni kwa fahari. Nikaishika kwa kiganja, kiganja kikateleza, maana nilishapaka mafuta kila mahali. Nikaona chini ya mshipi chuma cha bobini kinaanza kuonekana, yaani mshipi unaisha. Nikachukua upindo wa kanga yangu, nikaubana kwenye bobini kwa nguvu zote ukaushe mafuta uwe breki, na kwa mkono mwingine, kwa hofu, nikazungusha. Ikanasa. Upindo wa kanga ukaingia ndani pamoja na mshipi, ukajizungushia, bobini ikafunga kabisa. Sangara akavuta. Fimbo ikaenda mbele, kanga ikaenda na fimbo, na fundo kiunoni likafunguka.

Sasa kuhusu lile gagulo, naomba mnisikilize. Nililishona mwenyewe. Kuna mwaka, kabla biashara haijafunguliwa, vitambaa vilikuwa havipatikani, nikapata mfuko wa unga wa msaada, pamba safi, uzi umesokotwa vizuri (mimi mtu wa pamba, najua), nikaufua mara tatu, nikashona gagulo lililodumu kuliko la dukani. Maandishi ya Kiingereza ya ule mfuko yaligoma kutoka. Nikaweka upande wa nyuma, nikisema nani ataona.

Waliona wote. Mtoto wa shule mmoja akauliza pale nyuma pameandikwa nini, na rafiki yangu Ma Resti, msomi wetu, mke wa mtu, Mkatoliki, akasogea kidogo aone vizuri, akatafsiri kwa sauti ya darasani: "Zawadi ya chakula. Hairuhusiwi kuuzwa wala kubadilishwa."

Jamani. Kile kicheko nilikisikia kinapanda juu ya mlima na kurudi. Mtu mmoja alikaa chini. Nilisikia moto kuanzia kwenye visigino hadi masikioni, na nikasema moyoni, acha fimbo, Mama Jeni, acha fimbo, shika kanga yako, shuka, nenda. Mikono haikuacha. Nilikuwa nimemshika samaki, mnanielewa? Samaki mkubwa, mzima, yuko upande wa pili wa mshipi wangu, na niliogopa aibu lakini niliogopa foleni ya getini zaidi.

Bobini imefunga, mshipi hautoki hata kidogo, kwa hiyo ikabidi mimi mwenyewe niwe breki. Akivuta nakwenda, akilegea narudi. Nikashuka jiwe nikaingia majini mpaka magotini, nikarudi, nikakimbia kushoto, nikakimbia kulia, kanga inaning'inia kwenye fimbo, paka wanapiga kelele, na kila nikigeuka wanasoma tena. Masalu akaja mpaka ukingoni mwa jiwe, mikono tayari.

"Niite!" akasema. "Niite jina langu tu! Huyo ni mkubwa, atakukatia!"

Nikamwangalia. Na nitawaambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: jina lilikuwa mdomoni. Ma-, lilishatoka nusu. Magoti yamechubuka, na nilijua anasema kweli, ule mshipi usiotoka ungekatika. Nikaufunga mdomo.

"Sina mtu wa kumwita," nikasema.

Ukakatika. Ulilia kidogo tu, ting, nikaangukia makalio kwenye maji, upande ule ule wenye maandishi. Mbali kule sangara akageuka mara moja, tukauona ubavu wake wote, watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja, hata Masalu, halafu akaenda zake na ndoana yangu.

Wakaanza kutawanyika wakicheka. Masalu akasema, si kwa ukali, tena kwa huruma iliyoniudhi kuliko matusi, "Basi dada, yameisha. Twende, ukabadili nguo."

Nikamgeukia Mzee Magesa. "Mzee, leo siku gani?"

"Jumamosi," akasema.

"Imeisha?"

Akaangalia jua. Ilikuwa haijafika hata saa tatu. "Bado," akasema, na nikaona ndevu zake zinajizuia kucheka.

Ma Resti akanijia mbio, sasa amekumbuka urafiki, akafungua kanga yake ya juu akanipa nijistiri. Nikaipokea. Nikaitandika juu ya jiwe, nikakaa pembeni yake na gagulo langu, nikaifungua bobini yote mbele yao, skrubu moja moja nikiipanga juu ya ile kanga isipotelee kwenye nyufa. "Mama Jeni, nimekupa ujifunike!" akasema. Nikamwambia hapa skrubu ikidondoka sitaipata tena, makalio yangu nitayakuta hapo hapo. Nikamtuma kioskini anunue mafuta ya taa, aende haraka, na asisome kitu chochote njiani. Akaenda.

Nikaikata ile kanga iliyonasa kwa kisu cha chambo, vipande vipande (ilikuwa kanga nzuri, iliniuma). Nikaosha kila jino. Visahani vya breki nikavisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikarudi rangi yake, nikavikausha kwa pindo la gagulo, nikavianika juani dakika nyingi. Sikupaka kitu. Mshipi ule wenye mafuta nikautupa wote, paka wakagombania, nikafunga ndoana nyingine kwenye uliobaki ndani kabisa, mfupi lakini mkavu. Walioanza kuondoka wakasimama. Wengine wakarudi karibu kuangalia, na mvuvi mmoja mwenye fimbo yake ya zamani nyumbani akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiki kinaingia wapi?" Nikamwonyesha. Nikarudisha kofia, nikavuta mshipi kwa mkono, breki ikalia krrr, sauti ya kukwaruzana, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Nikarusha. Hakuna. Nikarusha. Hakuna. Jua likapanda, watu wakaenda kula, Ma Resti akamaliza beseni, Mzee Magesa akalala kidogo akiwa amekaa, Masalu hakuondoka. Mgongo uliungua, gagulo likakauka mwilini. Ilipofika kama saa nane mchana fimbo ikainama, breki ikalia, nikamwachia akaenda nayo, nikamvuta, nikamwachia, bila kukimbia popote, nikamtoa. Sangara. Si yule. Huyu alikuwa mdogo, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, labda na kidogo.

"Huyo mtoto," Masalu akasema.

"Mliniambia sangara," nikasema nikimnyanyua. "Huyu ni nani, kuku?"

Mzee Magesa akafungua jicho, akamwangalia samaki, akaniangalia mimi na lile gagulo, akasema, "Ni sangara." Akalifunga jicho. Ndiyo hukumu yote.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu. Mafunzo yapo, sitawanyima: nunua fimbo iliyochoka kama mfuko wako umechoka, lakini pitisha pamba kwenye vipete vyake, ioshe kila wiki, breki ilegeze ukienda kulala na usiipake kitu hata upewe na malaika, na grisi, jamani, nenda Mkuyuni ukanunue grisi, hata kwa jua, hata kwa midomo ya mwenye duka. Naapa sitapaka tena mashine yoyote kitu kinacholiwa. Lakini kuhusu kupanda lile jiwe, kuhusu kushika fimbo, kuhusu kukaa nusu siku na maandishi yale mbele za watu badala ya kukimbilia ndani, hapo msitegemee kunisikia nikijuta, maana sijuti. Siku ile ingerudi ningepanda tena, ila ningevaa gauni.

Jumatatu asubuhi nikafika mapema. Masalu alikuwa ameshakaa peke yake juu ya jiwe. Aliniona, akakohoa, kisha akavuta kikapu chake pembeni, akaacha nafasi kushoto kwake, sehemu nzuri kabisa.

"Kaa huku," akasema bila kunitazama. "Kule upande wa pili upepo unarudisha mshipi."

"Nakaa ninapotaka," nikamwambia, nikapita, nikaenda kukaa upande wa pili. Na alikuwa anasema kweli, haki ya Mungu. Asubuhi ile upepo ulinirudishia mshipi usoni mara nne. Sikuhama.